Maoni Kuhusu Istilahi za Swichi: "Ndogo", "Kawaida" na "Kufungwa"

Wasomaji waliozoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa kamusi na vitabu watatuwia radhi kwa kuwaletea safari hii uhakiki wa karatasi moja ya maelezo, yenye kurasa mbili, iliyokunjwa ndani ya boksi la swichi ya boya. Haina jina la mtafsiri, na jina la mwuzaji hatutalitaja, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake. Tumeyaona pia katika vijitabu vya majokofu na vya majiko ya maikrowevu, na baadhi yake tumeyafanya sisi wenyewe. Tumeichagua karatasi hii kwa sababu tunajua ilisababisha nini.

Katika kata ya Shirimatunda, Manispaa ya Moshi, tulionyeshwa pampu ya maji iliyoungua. Ilikuwa pampu ya kisima kifupi nyuma ya nyumba, ya kupandisha maji kwenye tangi lililowekwa juu ya mnara wa matofali. Ndani ya tangi huning'inia boya la plastiki lenye waya. Tangi likipungukiwa, boya hushuka na pampu huanza kazi. Tangi likijaa, boya huelea na pampu husimama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Fundi aliyefunga kifaa hicho aliifanya kazi yake mchana ambao umeme ulikuwa umekatika, na siku hiyo tangi lilikuwa limejazwa kwa gari la maji. Umeme uliporudi usiku, pampu ilianza kusukuma maji kwenye tangi lililokwisha kujaa. Maji yalimwagika kwenye migomba hadi kisima kikakauka, na pampu ikaendelea kuzunguka pasipo maji mpaka ikaungua. Mwenye nyumba aliamka akakuta shamba limelowa na pampu inanuka.

Tulizungumza na fundi huyo, kijana mwenye adabu ambaye alitusalimu kwanza na kutupa viti kabla ya kueleza jambo lolote. Hakuwa amefanya kazi kwa kubahatisha. Karatasi alikuwa nayo, imepakwa mafuta lakini inasomeka, na maelezo yenyewe yalikuwa haya: kwa kujaza tangi, waya wa pampu uunganishwe kwenye "mguso uliofungwa kwa kawaida", kwa kukausha kisima, kwenye "mguso uliofunguka kwa kawaida". Rangi za waya hazikutajwa. Basi alilining'iniza boya, akachukua betri na taa ndogo ya kupimia, akajaribu waya mmoja baada ya mwingine. Mmoja uliwasha taa, mwingine haukuwasha. Akachagua ule ambao haukuwasha.

"Wazee wangu," alituambia, "kitu kikifungwa, hakipiti."

Hatukuwa na la kumjibu. Bomba likifungwa, maji hayapiti. Barabara ikifungwa, magari hayapiti. Redio ikifungwa, sauti hukoma, na anayetaka kuisikia tena huambiwa aifungulie. Katika lugha ambayo kijana huyu amekua nayo, na ambayo sisi pia tumekua nayo, mguso uliofungwa ni ule usiopitisha umeme. Mtafsiri wa karatasi alikuwa na maana iliyo kinyume kabisa. Katika lugha aliyotafsiri kutoka kwayo, njia ya umeme hufikiriwa kama duara: duara likikamilika husemwa limefungwa, nao umeme huzunguka, likikatika popote husemwa liko wazi, nao umeme husimama. Mtafsiri alichukua neno akaliacha duara.

Ugumu unazidi kwa kuwa kitenzi "kufunga" katika Kiswahili kina pande mbili. Hufunga anayezuia, kama mlango. Hufunga pia anayekaza na kuunganisha, kama mzigo kwa kamba. Twasema nyumba imefungwa umeme, maana yake imewekewa nyaya. Na hapo juu tumesema fundi "aliyefunga kifaa" bila ya msomaji kutushangaa. Mwalimu wa fizikia anayemwambia mwanafunzi kuwa saketi iliyofungwa hupitisha umeme anaegemea maana hii ya pili, na anaweza kujitetea. Lakini mwalimu ana ubao, ana chaki, na yuko darasani kujibu swali. Karatasi iliyo ndani ya boksi haina mtu wa kuulizwa. Tukumbuke pia kwamba fundi wengi wa rika la kijana huyu waliisoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na walioendelea sekondari waliisoma kwa Kiingereza. Kati ya hatua hizo mbili neno "kufungwa" limebadilika maana bila ya yeyote kuwaarifu.

Yafaa sasa tueleze kifaa chenyewe, maana mtafsiri asiyekijua hataweza kukipa jina. Ndani ya boya kuna swichi ya aina ambayo mafundi wetu huiita "maikroswichi". Asili yake ni Marekani. Mwaka 1932 Phillip McGall, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya betri ya Burgess mjini Freeport, jimbo la Illinois, alibuni swichi ambayo msukumo mdogo sana wa kitufe hutosha kuigeuza. Jina hilo likawa alama ya biashara, na mwaka 1950 kampuni iliyoitengeneza ilinunuliwa na Honeywell. Kama vile rangi ya viatu ya kila aina inavyoitwa "kiwi" kwetu, swichi za namna hii za kila kiwanda zikaitwa kwa jina lile moja.

Ndani yake mna utepe mwembamba wa shaba ngumu uliopindwa kwa nguvu ya springi. Kitufe kikibonyezwa pole pole, utepe hauendi pole pole nacho. Hukaa palepale ukijikusanyia nguvu, kisha kwa ghafla hurukia upande wa pili na kutoa sauti, kama mfuniko wa kopo unapobonyezwa kwa kidole gumba. Kitufe kikiachwa, hurudi kwa ghafla vilevile, lakini si pale pale uliporukia. Lazima kitufe kirudi nyuma kidogo zaidi. Ghafla hiyo ndiyo siri ya kifaa chote. Miguso miwili inayoachana pole pole hurushiana cheche na kuunguzana. Inayoachana mara moja haipati nafasi ya kuungua. Kwa hiyo mlango unaofungwa kwa uvivu, au boya linalopanda pamoja na maji sentimita kwa sentimita, huzaa tendo moja kali lisilo na kusitasita.

Karatasi yetu inakiita kifaa hiki "swichi ndogo". Hili ndilo kosa la kwanza, na ingawa halikuunguza pampu, ni la watafsiri wote wanaoliona neno kabla ya kuona kitu. Udogo unaotajwa katika jina la asili ni wa mwendo wa kitufe na wa nafasi iliyopo kati ya miguso, ambayo huwa chini ya milimita 3, na katika aina iliyozoeleka ni kama nusu milimita tu. Si udogo wa umbo. Aina ya kale, ambayo bado hutengenezwa, ina urefu wa karibu milimita 50 na yaweza kubeba mkondo wa ampea 15 kwa volti 250. Kuna swichi nyingi za ukutani zisizobeba hivyo. Baada yake zilikuja za milimita 28 hivi, kisha za 20, kisha za 13. Viwanda vilipozipunguza vililazimika kuongeza maneno ya udogo mbele ya jina ambalo tayari lilikuwa na udogo ndani yake. Mtafsiri wetu akazifuata zote kwa uaminifu, na matokeo yake katika ukurasa wa pili ni "swichi ndogo", "swichi ndogo ndogo", na "swichi ndogo ndogo sana". Tulicheka, kisha tukakumbuka kuwa kuna karani wa bohari atakayeagiza vipuri kwa maneno hayo. Kosa la namna hii lina ndugu zake. Jiko la maikrowevu si jiko dogo, na waliotupa neno "kipaza sauti" walifanya vyema kutazama kazi ya chombo badala ya kuhangaika na udogo uliomo katika jina lake la kigeni.

Aina za swichi hizi hutofautiana zaidi kwa kile kinachokibonyeza kitufe, na hapo Kiswahili hakina shida yoyote. Kuna zenye kitufe kitupu. Zenye wenzo juu ya kitufe, ili nguvu ndogo zaidi itoshe. Na zenye wenzo wenye gurudumu nchani, kwa mahali ambapo kitu hupita kwa kuteleza, kama meza ya mashine ya kuchonga chuma inapofika mwisho wa mwendo wake. Mashine za namna hiyo si ngeni kwa wakazi wa Kilimanjaro. Wilayani Hai kipo kiwanda cha KMTC, kilichojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Bulgaria kwa ajili ya kutengeneza mashine za karakana, na fundi aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya aina hiyo anajua kwamba kigurudumu kile ndicho kinachoizuia meza isijigonge. Zipo pia zilizozibwa zisiingie vumbi wala maji, na zilizo wazi. Zipo zenye miguso ya fedha kwa mikondo mikubwa, na zenye miguso iliyopakwa dhahabu kwa mikondo hafifu ya vyombo vya elektroniki. Katika haya karatasi yetu imefanya vizuri: "wenzo wenye gurudumu" ni maneno yake, nasi tunayaunga mkono. "Boya" pia ni lake, na ni sahihi kuliko neno refu la kigeni tuliloliona kwingine.

Matumizi ni mengi kuliko msomaji anavyodhani. Mtumishi wa serikali anayebofya kipanya cha kompyuta ofisini anabonyeza swichi hii mara maelfu kwa wiki, na mlio anaousikia ni wa ule utepe unaoruka. Mashine ya kunakili inayokataa kufanya kazi mpaka kifuniko kirudishwe, taa ya ndani ya jokofu, mashine ya kufulia inayosimama kifuniko kikiinuliwa, taa ya nyuma ya bodaboda inayowaka breki ya mkono ikishikwa: mara nyingi sana kilichomo ni hiki hiki.

Mifano hiyo ya jokofu na bodaboda inatuleta kwenye kosa ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la "kufungwa", kwa kuwa limejificha vizuri zaidi. Ni yale maneno mawili, "kwa kawaida". Swichi hii ina ncha tatu. Moja ni ya pamoja, na hizo mbili nyingine hupokezana: swichi isipobonyezwa, ncha ya pamoja imeungana na ya kwanza; ikibonyezwa, huiacha ya kwanza na kuungana na ya pili. Kiwanda husema "kawaida" kikiwa na maana ya swichi isiyobonyezwa na chochote, kama ilivyo mezani inapotoka kwenye boksi. Lakini msomaji wa Kiswahili akisoma "kwa kawaida" huelewa siku nyingi, muda mwingi, hali iliyozoeleka. Na hali iliyozoeleka ya kifaa yaweza kuwa kinyume kabisa. Mlango wa jokofu hukaa umefungwa karibu siku nzima, na ukiwa umefungwa unabonyeza kitufe. Taa yake hutumia ile ncha inayoungana pasipo kubonyezwa. Basi ncha ambayo karatasi ingeiita "iliyofungwa kwa kawaida" huwa, kwa kawaida, imeachana na mwenzake. Bodaboda nyingi ziko vivyo hivyo: mkono wa breki ukiwa umetulia hukibonyeza kitufe, na dereva anapouvuta hukiachia ndipo taa ikawaka. Fundi anayejiuliza "kwa kawaida breki hii iko vipi?" atajibu swali alilojiuliza, na jibu lake litakuwa sahihi, na taa itawaka safari nzima isipokuwa anaposhika breki.

Taa ya breki iliyogeuzwa inaweza kuleta ajali, lakini angalau itaonekana na mtu. Jiko la maikrowevu halionekani. Kwenye mlango wake huwamo swichi kadhaa, kwa kawaida tatu. (Hapa tunalitumia neno kwa maana ya wananchi.) Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa, ili mawimbi yasimtoke mtu usoni. Ya tatu ni mlinzi wa wenzake: mlango ukifunguliwa nazo zikashindwa kukata, hiyo huziunganisha nyaya kwa makusudi na kuifanya fyuzi iungue. Fundi akiiunganisha ya tatu kinyume, fyuzi itaungua kila mlango unapofungwa na jiko kuanza kazi. Ataweka nyingine, itaungua tena. Mwishowe ataing'oa ile swichi "mbovu", jiko litawaka vizuri, mteja atalipa, na mlinzi hayupo. Majiko yaliyokwishatumika yanauzwa katika miji yetu kila siku na kutengenezwa vibarazani. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kuwa istilahi za vitu vidogo namna hii zingoje mpaka zile za vyuo vikuu zikamilike.

Hatusemi kuwa hakuna kazi iliyofanywa. Tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967 istilahi za fani nyingi zimesanifiwa. Kamusi ya kitekiniki ya Rajmund Ohly ilitoka Dar es Salaam mwaka 1987, na ile ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mtafsiri wa karatasi yetu angeweza kuzifungua. Lakini kosa lake halikuwa la kukosa neno. Alikuwa na maneno matatu ya Kiswahili safi, yote yamo katika kamusi, na yote matatu yalidanganya.

Tunapendekeza nini basi? Kwa jina la kifaa, wapo wanaotaka "maikroswichi" libaki, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulizoea, na sisi hatuna ugomvi nao. Ni heri neno la kigeni lililotoholewa lisilosema lolote kuliko neno la kwetu linalosema uongo. Anayetaka neno la kwetu alitafute katika tendo, na tendo hilo lina kitenzi chake tangu zamani za mitego: kufyatuka. Mtego hukaa kimya ukiguswa kidogo, kisha hufyatuka kwa mara moja. "Swichi ya kufyatuka" inaeleza kifaa kizima kwa maneno matatu. Mwenzetu mmoja alitaka lifupishwe liwe "swichi fyatu", tukamkumbusha kwamba mitaani fyatu ni mtu asiyetulia kichwani, na hakuna atakayetaka swichi ya namna hiyo kwenye pampu yake.

Kwa ncha ya pamoja tunapendekeza "shina". Kila mwananchi anajua kuwa matawi hutoka kwenye shina, na waliohudhuria mikutano ya chama wanajua zaidi. Matawi yake mawili yaitwe "tawi la tuli", yaani lile lililoungana na shina swichi ikiwa haijabonyezwa, na "tawi la kubonyezwa", yaani lile linaloungana na shina swichi ikibonyezwa. Majina haya hayana "kufunga" wala "kufungua" ndani yake, na hayana "kawaida". Kuhusu kupita na kutopita kwa umeme, tunashauri vitenzi "kuungana" na "kukatika" vitumike popote, katika swichi hizi na katika rilei, ambazo ncha zake huitwa kwa mtindo uleule na huleta matatizo yaleyale. Hakuna Mtanzania asiyejua maana ya umeme kukatika.

Tumepingwa kuhusu "tuli". Tumeambiwa kuwa boya lililoelea juu ya maji matulivu limetulia pia, na kwamba msomaji atauliza utulivu wa nani. Pingamizi hili lina uzito. "Huru" lilipendekezwa badala yake, kwa maana ya swichi isiyokandamizwa na kitu, lakini ncha huru kwa mafundi wengine ni ile isiyounganishwa na waya wowote, na tungekuwa tumetoka katika shimo moja na kuingia jingine. Kwa sasa tunalishikilia "tuli" kwa sharti kwamba lifafanuliwe palepale linapotajwa kwa mara ya kwanza, na walimu wa vyuo vya ufundi watuandikie wakiona kwamba wanafunzi wao wanateleza.

Zinabaki herufi zilizochapwa kwenye swichi zenyewe, NO na NC, ambazo hakuna usanifishaji wetu utakaozifuta kiwandani. Kijana wa Shirimatunda alituambia kwamba mwanafunzi wake, aliyejifunza Kiingereza kidogo shuleni, aliisoma ile ya kwanza kuwa ni "hapana", akaamini kuwa ni ncha iliyokatazwa kuguswa. Kwa hiyo kila karatasi ya Kiswahili izitaje herufi hizo kama alama tu: NC ni tawi la tuli, NO ni tawi la kubonyezwa. Na itaje rangi za waya. Hilo si suala la lugha, lakini lingeiokoa pampu.

Pampu mpya imekwisha kuwekwa. Kabla hatujaondoka, fundi alitupandisha juu ya mnara kutuonyesha boya. Kwenye kila waya amefunga utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino. Mmoja unasema: "HUPITA BOYA LIKIWA CHINI." Mwingine: "HUPITA BOYA LIKIWA JUU." Tumenakili maneno hayo kama yalivyo, na mtafsiri wa karatasi akipenda kuyatumia katika toleo lijalo, mwenyewe amesema hana kinyongo.